Usiku Katika Miji Mitatu ya Uchina

Marehemu Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na vyombo vya nyumbani. Kwa miaka kumi na minne alikwenda Guangzhou mara mbili kila mwaka, katika majira ya yale maonyesho makubwa ya biashara ambayo mji huo umekuwa ukiyafanya tangu mwaka 1957. Alirudi na masanduku, risiti, na zawadi ya kila mtu hadi jirani. Hadithi ndizo ambazo hakuzileta. Akiulizwa, "Huko Uchina kukoje?" alijibu, "Kuna watu wengi," kisha akaomba chai.

Pasipo habari, watu hujitungia zao. Kila mwanamke wa pwani ambaye mumewe husafiri kwenda Uchina ameyasikia yale yasemwayo maharusini kwa sauti ya chini: kwamba miji ile haina usiku, kwamba taa hazizimwi, na kwamba mwanamume mzima hawezi kukaa wiki tatu peke yake akawa analala tu. Mama aliyasikia, na hata siku moja hakuuliza. Baba alipofariki, na eda ikaisha, na mirathi ikagawanywa, Mama alituambia kwamba katika fungu lake angependa kutumia kiasi kwa jambo moja: kuuona mji uliomchukua mumewe wiki sita za kila mwaka.

Tulisafiri wanne: Mama, kaka yetu aliyekuwa mahram wetu, na sisi dada wawili tunaoandika haya. Hatukwenda kumpeleleza marehemu. Tulikwenda kuona, kula na kutembea kama wageni wengine, na tunaandika kwa kuwa tunajua nyumba nyingi za wasomaji wetu zina mtu ambaye mguu wake uko huko.

Guangzhou

Usiku wetu wa kwanza tulilala na njaa. Karibu na tulipofikia palikuwa na hoteli ndogo ya chakula, safi, iliyojaa familia. Kaka aliandika kwenye simu kwamba hatuli nguruwe, simu ikatafsiri, na mhudumu akatikisa kichwa kukubali kwa heshima kubwa. Tukaletewa mboga za majani zinazong'aa. Dada mdogo alipoinua kijiti cha kulia, Mama alimshika mkono: harufu hakuitambua. Kaka akauliza tena. Mhudumu akajibu kwa furaha kwamba nyama hakuna kabisa, ni mafuta ya nguruwe tu. Hakutudanganya. Tuliuliza swali lisilotosha. Tulilipa, tukashukuru, tukarudi chumbani kula tende na mahamri makavu aliyoyafunga Mama, yale yale aliyokuwa akimfungia Baba. Akiwa ameketi kitandani, alisema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa akiyataka mengi."

Kwa faida ya msomaji, tulijifunza mambo mawili kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. La kwanza, Mchina asemapo *rou*, yaani nyama, bila ya kuongeza neno, mara nyingi amekusudia nguruwe. Ng'ombe ni *niurou* na kondoo ni *yangrou*. La pili, neno la kutafutwa ni *qingzhen*, ambalo ndilo halali ya Kichina, na maana yake ni "safi na kweli". Misikiti nayo huitwa kwa neno hilo hilo. Huandikwa hivi: 清真. Msafiri aikariri sura hiyo, kwa kuwa miaka ya karibuni maafisa wa miji kadhaa, Beijing miongoni mwao, wameamuru maandishi ya Kiarabu yaondolewe kwenye mabango ya hoteli. Karibu kila mji una hoteli za tambi za supu ya ng'ombe zinazoendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini-magharibi mwa nchi. Mpishi huvuta donge la unga kwa mikono mpaka liwe nyuzi, mbele ya macho yako.

Siku hiyo ya pili ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda kwenye msikiti ulio karibu na kituo kikuu cha zamani cha reli, ndani ya bustani yenye kaburi ambalo Waislamu wa Uchina husimulia, kizazi kwa kizazi, kwamba ni la Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Vitabu vya sira vinasema alizikwa Madina, na wanahistoria wengi wanashikamana na hilo. Lakini kwamba Waarabu na Waajemi walikaa katika bandari hii tangu karne za mwanzo za Uislamu, hilo halina shaka. Wao waliuita mji huu Khanfu. Katikati ya mji wa zamani umesimama msikiti wa Huaisheng, jina linalomaanisha kumkumbuka Mtukufu, na mnara wake wa mita 36, mweupe, mviringo, usio na pambo. Husemekana kwamba zamani taa iliwashwa juu yake kuongoza vyombo mtoni, na ndiyo sababu ukaitwa Mnara wa Mwanga. Sisi watu wa bandari tuliuelewa mara moja.

Baada ya sala, nje ya lango, wauzaji walikuwa wamepanga meza: mikate ya duara iliyochomwa tanurini kama mofa, mishikaki ya kondoo yenye bizari, zabibu kavu, wali wa karoti na nyama. Wanunuzi walikuwa Wachina, Waarabu, Wasomali, watu wa Mali, watu wa Zanzibar. Wanaume wa makamo waliokuwa na mifuko ya sampuli begani walikula wakiwa wamesimama, wakipangusa ndevu kwa karatasi. Hatukumkuta aliyemjua Baba, na hatukuuliza. Mama alinunua mkate mmoja, akaumega vipande vinne, akaula wake polepole huku akiwatazama wanaume wale.

Usiku tulikwenda kwenye Mto wa Lulu. Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, ulikuwa ukibadili rangi kila dakika, na mashua za abiria zikapita zimewashwa taa kama nyumba ya harusi. Hatutamficha msomaji: vilabu vya pombe viko, na muziki wake ulivuka maji mpaka tulipokuwa. Anayeutaka usiku wa namna ile ataupata bila ya kuutafuta, kama anavyoweza kuupata Mtwapa. Lakini ukingoni palikuwa na watu wengine, tena wengi zaidi: mabibi waliocheza kwa safu, wote pamoja, muziki wa redio moja, kama mazoezi ya viungo, mababu waliobeba wajukuu, wasichana waliotembea wawili wawili saa tano za usiku bila ya kutazama nyuma.

Tulikaa pale kuliko tulivyokusudia. Kisha Mama akataka kumpigia shangazi yetu Mombasa. WhatsApp, kama wajuao watakavyokumbuka, haifanyi kazi huko bila ya programu maalumu ya kuzunguka vizuizi, na kaka alihangaika nayo mpaka ikakubali. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kusali Isha. Nyuma yake tulisikia vyombo vikipangwa kwa ajili ya chakula. Mama alitazama saa ya kaka. Mombasa ilikuwa saa mbili za usiku. Guangzhou, iliyotutangulia kwa saa tano, ilikuwa saa saba.

Mama alikata simu akakaa kimya. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimpigia Baba saa ile ile, baada ya Isha, watoto wakiwa wametulia. Simu ilikuwa haipatikani. Asubuhi Baba alipopiga, Mama alijibu kwa mkato, na Baba, kwa tabia yake, hakujieleza. Saa tano hizi Mama alikuwa akizijua, maana alizisikia zikitajwa. Lakini kuzijua ni jambo moja, na kukaa ukingo wa mto saa saba za usiku macho yakiwa mazito ni jambo jingine.

"Kumbe alikuwa amelala," alisema.

Hatukusema neno. Tulirudi.

Xi'an

Kutoka Guangzhou tulipanda treni ya kasi. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na tulifika kwa saa nane hivi, wakati ambapo reli yetu ya Mombasa na Nairobi, waliyoijenga Wachina hao hao, huhitaji saa tano kwa kilomita zisizotimia 500. Mama alisema nauli yetu ina mandhari nzuri zaidi, kwa sababu ina ndovu.

Xi'an ndio Chang'an ya zamani, mji mkuu wa nasaba ya Tang, iliyotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907. Tulikwenda kuwatazama wale askari wa udongo waliozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974. Ni maelfu, na kila mmoja ana uso wake. Tulitembea pia juu ya ukuta wa mji, ambao mzunguko wake ni karibu kilomita 14 na upana wake unatosha magari kupishana. Lakini kilichotukalisha Xi'an siku tano ni mtaa ulio nyuma ya Mnara wa Ngoma.

Mnara huo ulijengwa mwaka 1380. Zamani, katika miji ya Uchina, ngoma ilipopigwa jioni mambo yote yalifungwa. Enzi za Tang, Chang'an iligawanywa mitaa yenye kuta, na giza lilipoingia malango yalifungwa. Aliyekutwa barabara kuu alichapwa. Leo, kusini mwa mji huo huo, kuna barabara ndefu ya starehe inayoitwa Mji Usio na Usiku wa Tang, ambako wasichana hukodi mavazi ya kale, wakapambwa nywele, wakatembea chini ya maelfu ya taa wakipigana picha. Tulipita, tukastaajabu, tukarudi nyuma ya mnara wetu.

Huko ndiko wanakoishi Wahui, Waislamu wanaosema Kichina na ambao kwa sura huwezi kuwatenga na Wachina wengine. Nchi nzima wanazidi milioni 10. Wanawake wao huvaa kofia nyeupe au shungi dogo, na ndio waliosimama mbele ya sufuria, wakipokea pesa kwa simu kama sisi tunavyopokea kwa M-Pesa, wakiamrisha waume zao walete maji. Hoteli nyingi za mtaa huo hazina pombe. Watoto walikuwa wakifanya kazi za shule juu ya meza za chakula saa nne za usiku.

Chakula kinachostahili kutajwa kwanza ni *yangrou paomo*. Mtu hupewa bakuli tupu na mikate miwili migumu ya duara, naye huimega mwenyewe. Haimegwi vipande vya mdomo. Humegwa chembe ndogo kama njugu. Kisha bakuli hurudishwa jikoni, mpishi akaupika mkate ule kwa supu ya kondoo, nyama na tambi nyembamba, ukaletwa na kitunguu saumu kilichorowekwa kwenye siki na sukari. Mama alimaliza haraka akampa mhudumu bakuli lake. Bibi mwenye hoteli alilitazama, akalirudisha mezani, akaketi, akaanza kuumega upya pamoja naye. Hawakuwa na neno la pamoja isipokuwa salamu. Walimega nusu saa. Vidole vya wanawake waliolea nyumba vinafanana popote.

Mbele kidogo palikuwa na mzee aliyeuza mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke usiku kucha, tabaka la mchele, tabaka la maharagwe, tabaka la matunda mekundu yaliyokauka. Tulidhani ni tende. Mama alitia moja mdomoni, akaitema kokwa kiganjani, akaitazama. "Hii ni kunazi," alisema. Kweli, ilikuwa kunazi, ya jamii ya kwao, kubwa na tamu kuliko yetu. Kwetu, msomaji anajua, majani ya mkunazi ndiyo tuliyoyaponda asubuhi ile ya kumwosha Baba. Mama hakulitaja hilo, nasi hatukulitaja. Alinunua sahani ya pili akaimaliza.

Msikiti Mkuu wa Xi'an umejificha ndani ya uchochoro wenye maduka ya vikapu na mihuri. Mapokeo yanaweka mwanzo wake mwaka 742; majengo yaliyopo ni ya tangu mwaka 1392 na baadaye. Hauna kuba, wala mnara wa kuvuka paa za jirani. Ni ua baada ya ua, miti mikongwe, malango ya mbao, paa za vigae vya buluu zenye ncha zilizopinda, na badala ya mnara, jumba la orofa tatu lenye pembe nane ambalo jina lake lina maana ya kuuchunguza moyo. Nyua zote zimepangwa kuelekea magharibi, kwa kuwa huko ndiko kibla yao. Kwetu Mombasa ni kaskazini. Kaka alituambia kwamba ndani ya ukumbi wa sala kuta zimefunikwa kwa mbao zilizochongwa Qur'ani nzima, kwa Kiarabu na kwa Kichina. Sisi tulionyeshwa chumba cha wanawake pembeni, na mwanamke aliyetupokea alitugusa mabuibui yetu, akacheka, akatuletea maji ya moto ya kunywa.

Hapa hatuna budi kusema jambo. Habari za ndugu zetu Waighuri wa Xinjiang tunazijua, na zinatuuma. Hatukufika huko, na hatutaki msomaji adhani kwamba utulivu wa mtaa mmoja wa Xi'an ndiyo hali ya Waislamu wote wa nchi ile. Tunaeleza tulichokiona, kwa kiasi chake.

Kaifeng

Mji wa tatu wachache huutaja, nasi tulikwenda kwa sababu ya habari moja tu. Kaifeng, safari ya nusu siku kwa treni, ilikuwa mji mkuu wa nasaba ya Song mpaka mwaka 1127. Ni huko ambako amri ya kutotoka usiku ililegezwa, na masoko ya usiku yakastawi. Mpaka leo karibu na Mnara wa Ngoma wa Kaifeng hupangwa vibanda magharibi ikiingia, na wenye kofia nyeupe ni wengi. Tulikunywa uji wa lozi, mtamu, mzito, uliomiminwa kutoka birika kubwa la shaba lenye mdomo mrefu. Birika kama lile, Mama alisema, lingepata mnunuzi Lamu siku hiyo hiyo.

Habari iliyotupeleka ni misikiti ya wanawake. Katika mkoa huu wa Henan, tangu karne nyingi, Waislamu waliwajengea wasichana vyuo vya Qur'ani, na vyuo vile vikawa misikiti yenye maimamu wanawake, wanaowafundisha wanawake wenzao na kuwasalisha. Mmoja uliopo uchochoro wa Wangjia, wa mwaka 1820, huhesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote iliyobaki. Ni mdogo: ua wenye vigae, chumba cha sala, paa la vigae vya kijivu, sufuria ya maji ya udhu. Ukipita kwa haraka utadhani ni nyumba ya mtu.

Tulisali Magharibi hapo. Imamu, mwanamke wa umri wa Mama, alisimama katikati ya safu, sawasawa na wenzake, si mbele yao. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi madrasani. Matamshi yake ya Al-Fatiha yalikuwa ya Kichina, yetu ya Mombasa, na Aamin ilitoka pamoja. Baadaye, kwa msaada wa simu, alimwuliza Mama kilichomleta mbali hivyo. Mama alifikiri, akaiambia simu, "Mume wangu alikuwa akija nchi hii. Amefariki. Nimekuja kuona alikuwa akikaa vipi." Simu ikasema kwa Kichina. Yule bibi hakuuliza zaidi. Alinyanyua mikono, nasi tukanyanyua, akamwombea mtu asiyemjua, dua ndefu ya Kiarabu, ambayo tuliielewa yote.

Tulivyorudi

Wenye kusafiri watuulizapo tunawapa machache. Wajifunze zile herufi mbili. Wapakie tende. Waweke programu ya kulipia kwa simu na ile ya mawasiliano kabla ya kuondoka nyumbani, si baada ya kufika. Wahesabu saa tano, na waliobaki nyumbani wazihesabu pia. Apigiwe mtu alasiri, akiwa amekwisha kula na bado hajalala. Na anayesafiri asituletee masanduku pekee. Aseme alikula nini, kwa nani, na usiku ulikuwaje. Baba yetu alikuwa mtu mwema na maneno yake yalikuwa machache, na uchache ule ulimgharimu Mama miaka ambayo hairudi.

Mwezi uliopita tulikuwa harusini, Mji wa Kale. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakingoja sinia za pilau, na mmoja, ambaye mwanawe amefungua duka karibuni, akaanza kwa sauti ya chini yale yale: kwamba miji ya Uchina, usiku, wanaume huko...

Mama alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua kichwa.

"Usiku," alisema, "wanakula mishikaki nje ya msikiti, kisha wanalala. Tunaokesha ni sisi."

Wabillahi tawfiq.